Kuuza MGB ya 1972 iliyokarabatiwa, Kampala

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuuza MGB yako ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, uliyoikarabati yote. Anza na karatasi, picha zitafuata. Namba ya chesisi kwenye kibati ilingane na ya logibuku (kitabu cha usajili wa gari); ikipishana tarakimu moja tu, mnunuzi makini anaondoka. Kama injini si ile ya asili ya cc 1,798, sema mapema.

Rangi mpya haimdanganyi anayezijua gari hizi. Atapiga magoti apapase vizingiti chini ya milango, maana maji hutuama humo na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo mwonyeshe picha za bodi ikiwa tupu, bati likichomelewa, kabla ya rangi. Bila hizo atadhani umejaza puti (lami ya kuziba mashimo ya bati), na bei itashuka hapo hapo.

Kabureta zote mbili za SU (vifaa vya kuchanganya hewa na petroli) zivute hewa sawasawa, na vikombe vyake vya juu viwe na oili. Mwache awashe injini ikiwa baridi (ukiipasha kabla hajafika, atashuku unaficha ugumu wa kuwaka). Logibuku isitoke mkononi mwako mpaka benki ithibitishe pesa zimeingia.