Kabla Hamjagawana Kanga za Bibi, Tafuteni Daftari

Tulipomaliza kumzika bibi, baba mdogo alisimama pale makaburini akasema yale yanayosemwa kila mazishi: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa naye ajitokeze. Dua ikaombwa, watu wakatawanyika. Hakuja mtu. Tukajisifu kwamba bibi yetu kaondoka bila deni la mtu.

Siku ya nne mashangazi wakafungua kabati wagawane kanga. Katikati ya doti mbili likaanguka daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Bibi hakusoma utotoni. Kusoma alijifunza ngumbaro mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akiwa na watoto watatu na mmoja wao mgongoni. Alikuwa akinichokoza: "Mume wangu, wewe umesomeshwa kwa ada, mimi kwa taa ya chemli. Haya, nani msomi?" (Mke wangu naye alimwita mke mwenzake mpaka mwisho, na waligombania nyama ya shingo kwelikweli.)

Tulidhani daftari ni la mapishi. Kumbe ni la watu. "Fundi baiskeli, msiba, sukari kilo 2." "Mama samaki 12, mtoto homa, 5,000." Hiyo 12 ilitusumbua, baba mdogo akidhani ni elfu kumi na mbili, mpaka shangazi mkubwa akacheka. Kwetu ni Ngamiani, Tanga, na barabara zetu zinaitwa kwa namba. Bibi alikuwa anaandika mtu na barabara yake.

Kurasa za nyuma ndizo zilizotutoa jasho. Bibi alikuwa kijumbe wa mchezo: watu 15, kila Jumamosi elfu kumi kila mmoja, na mmoja anaondoka na laki na nusu. Kama vijumbe wengi, yeye alichukua mwanzo. Amefariki wiki ya tisa imeshalipwa. Maana yake watu sita walikuwa bado hawajapokea, na bibi mwenyewe alikuwa anadaiwa elfu sitini. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyefungua mdomo makaburini. Walikuwa wamekaa kwenye jamvi letu siku tatu, wanatupikia.

Ndiyo maana nakwambia usilitegemee lile tangazo la makaburini. Mtu aliyekandwa na bibi yako alipojifungua, au aliyeoshewa mama yake na bibi huyohuyo, hawezi kuja kudai hela mbele ya wanaume waliovaa kanzu. Anaona haya. Deni la maiti linatangulia mirathi, hilo kila mtu analijua, lakini deni lenyewe lazima mlifuate nyumbani kwa mwenyewe.

Na namna ya kulifuata ina adabu yake. Mimi niliharibu nyumba ya kwanza kabisa. Nilikwenda peke yangu, asubuhi, daftari mkononi kama mkusanya kodi. Yule mama akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na elfu mbili akanipa huku anaomba radhi kwa kuchelewa. Hakuwa anadaiwa hata senti! Ilinichukua nusu saa kuzirudisha. Tangu siku hiyo daftari lilibaki nyumbani. Nilikwenda na shangazi, baada ya alasiri, tumebeba kilo ya sukari au mkate wa kumimina, tunakaa kwanza, tunamzungumza bibi, hela inatoka mwishoni wakati wa kuaga. Mchezo tuliumalizia sisi: shangazi akakamata ukijumbe zile Jumamosi sita, na watoto tukachanga zile elfu sitini. Kwangu mimi, Jumamosi hizo zilikuwa hitma ya pili.

Wanaodaiwa na bibi ni habari nyingine, na hapo familia yetu ilikwaruzana. Baba mdogo alitaka zikusanywe. Kilichomaliza ubishi ni neno moja ambalo bibi alikuwa ameliandika pembeni mwa mistari mingi: "basi". Mashangazi wakaeleza kwamba ndivyo alivyokuwa anasamehe. Yasiyo na "basi" yalikuwa matatu tu, na wawili kati yao walilipa wenyewe bila kuambiwa.

Kama bibi yako bado yuko hai, una bahati ambayo mimi sina tena, kwa hiyo usiipoteze kwa kumwambia "bibi, nisimulie maisha yako." Nilijaribu. Alinijibu, "Mimi nina maisha gani ya kusimulia?" akarudi kuchambua mchele. Muulize kesho anakwenda kwa nani, halafu umfuate. Njiani atakwambia nyumba hii ilijengwa vipi, yule pale alinyimwa mke na nani, huyu mzee unayemwona hivi aliwahi kuwa mchezaji hodari. Nilijua mengi zaidi kutokana na safari mbili za kwenda kuhani misiba kuliko miaka yote ya kukaa naye sebuleni. Pima pia unga wake kwa kikombe chake. Yeye atasema "kiasi tu", lakini kikombe hakidanganyi.

Sauti zake zihamishe leo. Bibi alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa, wenye salamu ndefu na jogoo nyuma yake. Nilibadilisha simu bila kuzihifadhi, zikaenda zote. Imebaki moja tu, aliyomtumia mke wangu kimakosa, ya sekunde 11, anauliza kama tumekula.

Daftari sasa analo shangazi mkubwa, na ameanza kuliendeleza kwa mwandiko wake. Mstari mmoja bado umetushinda: "Yule wa kuku, 3,000." Hauna barabara, hauna "basi", wala haujulikani nani anamdai nani. Mama anasema ni muuza kuku wa sokoni, shangazi anakataa katakata, anasema ni mtu aliyepotelewa na kuku wake kwetu siku ya Idi. Elfu tatu zimo kwenye bahasha, ndani ya daftari, zinamsubiri.