Wasomaji wanauliza: Kahawa ya Vietnam unaichaguaje, na unainywaje ikakolea?

Barua za kahawa ya Vietnam zimekuwa nyingi kweli toleo hili, nimechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nimezifupisha kidogo tu.

*Habari za kazi. Nimeletewa zawadi pakiti ya kahawa kutoka Vietnam, punje zake ni nyeusi tii, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, ukifungua tu inanukia siagi na chokoleti kabla hata hujasaga. Mume wangu anasema hiyo si kahawa halisi, imetiwa vitu. Mimi naipenda. Nani yuko sahihi? – Mama Salma*

Mama Salma, mumeo kaona kitu cha kweli ila asikufanye uimwage. Vietnam kuna mtindo wa zamani, buni ikishakaangwa na bado ina moto wanaitia siagi, sukari, chumvi kidogo, wengine pombe ya mchele au vanila, ndo maana inang'aa na kunukia hivyo, na robusta, ile aina ya kahawa kali na chungu inayolimwa zaidi huko, ikikaangwa sana na kupata siagi inalainika mdomoni. Huo ni mtindo wao na wanaupenda, siuiti udanganyifu. Udanganyifu unaanzia pale mtu anapochanganya mahindi au soya iliyounguzwa ili kuongeza uzito halafu anaandika kahawa tupu, na hilo lipo, hasa kwenye kahawa iliyokwisha kusagwa maana kwenye unga jicho halioni kitu.

Kwa hiyo nunua punje nzima. Mahindi hayawezi kujifanya punje ya kahawa, yataonekana tu. Halafu geuza pakiti usome orodha ya viungo, kwa Kivietnam huwa imeandikwa "thành phần". Ukikuta "bơ" hiyo ni siagi, "đường" ni sukari, "đậu nành" ni soya, "bắp" au "ngô" ni mahindi, na "hương liệu" ni manukato ya kuongezwa. Ukitaka kahawa isiyotiwa chochote tafuta maneno "rang mộc" au "nguyên chất". Na tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwa kifupi NSX, hiyo ndo ya kuangalia kwanza kabla ya ile ya kuisha muda, maana punje nzima ni tamu zaidi ndani ya wiki chache baada ya kukaangwa, kuanzia hapo harufu inapungua taratibu hata kama pakiti inasema bado miaka miwili.

Kama unayo tayari nyumbani, chukua punje mbili tatu uzisugue kati ya vidole. Zikiacha mafuta mepesi tu, hayo huenda ni mafuta ya kahawa yenyewe, yanatoka nje ikikaangwa sana. Zikinata kama peremende, hapo kuna sukari. Na ukishasaga nyunyiza kijiko kidogo juu ya glasi ya maji baridi uangalie, kahawa tupu huelea kwa muda na maji yanabadilika rangi polepole, iliyochanganywa nafaka au sukari iliyoungua huzama mapema na maji yanakuwa meusi haraka. Si kipimo cha maabara, lakini kinakupa picha.

*Kaka, kila anayejifanya anajua kahawa ananiambia robusta ni ya kutengenezea kahawa ya unga ya kuyeyusha tu, kahawa ni arabika, ile aina isiyo chungu sana. Sasa Vietnam si robusta karibu tupu? Kuna haja gani ya kuinunua? – Msomaji wenu wa siku nyingi*

Ni kweli, Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa baada ya Brazil na zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yake ni robusta, hakuna nchi inayoifikia kwa robusta. Mche wa kwanza uliletwa na wamisionari wa Kifaransa mwaka 1857, ila kahawa ilikuja kulipuka baadaye sana. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki, ambayo ilishaonja uhaba mkali wa kahawa, ilifanya makubaliano na Vietnam kusaidia mashamba ya nyanda za juu za kati, halafu yakaja mageuzi ya uchumi ya 1986 na wakulima wa mkoa wa Đắk Lắk, huko huko nyanda za juu, wakapanda kwelikweli.

Walichohimizwa miaka hiyo ni wingi. Shambani tawi linakwanyuliwa lote, matunda mekundu na mabichi yanaingia gunia moja, yanaanikwa pamoja, halafu tunashangaa ladha ni ya mpira na magome. Hapo aliyeharibu ni uvunaji, mmea hauna kosa, na hili naomba watu walielewe kwa sababu linawanyima kahawa nzuri sana. Siku hizi kuna wakulima kuzunguka Buôn Ma Thuột, Gia Lai na Lâm Đồng wanaochuma matunda mekundu tu na kuyakausha mazima au na utomvu wake, na robusta ya namna hiyo ina ladha ya kakao, karanga zilizokaangwa, sukari guru, ni nzito mdomoni, uchachu mdogo sana. Muulize muuzaji imetoka mkoa gani, imechumwaje na imekaangwa lini, akikujibu bila kubabaika nunua, akikwambia tu "ni ya Vietnam hii, kali" endelea na safari yako.

Kama kweli uchungu huuwezi, Vietnam ina arabika pia. Iliyo maarufu ni ya Cầu Đất karibu na Đà Lạt, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kaskazini kuna ya Sơn La. Kuzitofautisha kwa macho ni rahisi, punje ya robusta ni ya duara na mfereji wake umenyooka, ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji umepinda. Ukiona "culi" ni zile punje zilizokaa moja moja ndani ya tunda badala ya mbili, za mviringo, wengi wanazipenda kwa ukali wake.

*Nimenunua kile kichujio chao kidogo cha bati, phin. Mara maji yanapita mbio kahawa inakuwa maji maji, mara yanagoma kabisa. Nakosea wapi?*

Unakosea kwenye usagaji na mkono. Saga saizi ya kati, chenga chenga kama sukari ya kawaida, usifanye unga laini. Tia gramu 20 hadi 25, tikisa usawazike, weka kile kisahani cha juu kikae chenyewe bila kukandamiza kwa nguvu. Mimina maji ya moto kidogo tu, kama mililita 30, subiri nusu dakika kahawa iumuke, ndipo ujaze maji na kufunika. Inatakiwa itone tone moja moja kwa dakika 4 au 5 hivi. Ikiisha kabla ya dakika 2 umesaga kubwa mno au kahawa ni kidogo, ikigoma umesaga laini mno au umebana, legeza kisahani.

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanakaa chini ya glasi kwanza, vijiko viwili, kahawa inadondokea juu yake, unakoroga, ndipo unamwaga kwenye barafu. Ukianza na barafu maziwa yanaganda chini hayakorogeki. Na kumbuka robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ndo maana glasi yake ni ndogo, usiinywe jioni halafu ukatafuta usingizi.

*Vipi ile iliyopitia tumboni mwa fungo, ndo bora kuliko zote?*

Mimi sinunui. Nyingi sokoni ni za kughushi, na za kweli mara nyingi zinatoka kwa wanyama waliofungiwa vizimba wakilishwa matunda ya kahawa. Hela hiyo hiyo inakupa robusta safi ya kutosha.

*Naomba kujua kahawa ya yai. Ni mbichi? – Neema*

Neema, ilianzia Hanoi mwaka 1946, Nguyễn Văn Giảng alikuwa anafanya kazi hoteli ya Metropole, maziwa yakawa adimu, akapiga kiini cha yai badala yake. Piga kiini kimoja na vijiko viwili vya maziwa ya kopo mpaka kiwe cheupe kimeumuka, mimina juu ya kahawa kali ya moto, na kikombe ukikalishe ndani ya bakuli la maji moto kisipoe. Yai halipati moto wa kutosha kuiva, kwa hiyo tumia mayai mapya kabisa, na kama una mimba au unamtengenezea mtoto au mgonjwa, iache.