Mwalimu Anajibu: Kurudia Mtihani wa Kidato cha Sita kwa Ajili ya Udaktari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Kahama. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na nimepata Biolojia C, Kemia D na Fizikia S. Tangu nikiwa shule ya msingi sijawahi kutamani kazi nyingine zaidi ya udaktari. Baba anasema nichukue shahada yoyote itakayonipokea ili nisikae nyumbani. Mjomba, ambaye ni tabibu katika kituo cha afya, ananishauri nisome kwanza stashahada ya utabibu. Mimi mwenyewe nataka kurudia mtihani. Je, nirudie masomo yote matatu au Fizikia peke yake? Na je, mwaka wa kukaa nje ya shule hautanifanya nionekane mzembe mbele ya vyuo? Wenzangu wanajiandaa kwenda chuo, nami naona aibu hata kutoka nje.
Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hofu yako ya kuonekana mzembe mbele ya vyuo, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi na ndiyo iliyo nyepesi kuiondoa. Vyuo vyetu, vinapochagua wanafunzi wa shahada ya udaktari, hutazama matokeo yako. Kwa kawaida hakuna usaili wala barua ya kujieleza ambamo utaulizwa ulikuwa wapi mwaka uliopita. Wako madaktari wengi tu wanaotutibu leo ambao walirisiti, kama ninyi vijana mnavyosema, na hakuna mgonjwa anayewauliza habari hiyo. Hata Bodi ya Mikopo, ambayo wazazi wengi huihofia katika jambo hili, imekuwa ikipokea waombaji waliohitimu ndani ya miaka mitano iliyotangulia, kwa hiyo mwaka mmoja haukufungii mlango huo.

Sasa tusome matokeo yako kwa makini, kwa kuwa mahesabu mawili tofauti huwachanganya wanafunzi wengi. Baraza la Mitihani huhesabu C kuwa pointi 3, D kuwa 4 na S kuwa 6, ukapata jumla ya 13 na Daraja la Tatu. Hapo pointi chache ndiyo heri. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na hapo pointi nyingi ndiyo heri. Kwa Biolojia na Kemia una pointi 5 za Tume na ufaulu wa prinsipali, yaani gredi kati ya A na E, katika masomo mawili, jambo linalokupa sifa ya jumla ya kuingia chuo kikuu. Lakini udaktari unadai prinsipali katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, na kwa miaka ya karibuni jumla isiyopungua pointi 6, pamoja na gredi ya chini iliyotajwa kwa kila somo. S si prinsipali. Kwa hiyo kilichokuzuia ni Fizikia, na S maana yake ni kwamba ulipata kati ya alama 35 na 39, ilhali E huanzia 40.

Ukisoma hivyo utaona kwamba alama chache tu zimekutenga na kiwango cha chini, na hapo ndipo vijana wengi hukosea hesabu. Kukidhi kiwango cha chini kunakupa ruhusa ya kuomba, si nafasi. Vyuo hupanga waombaji kuanzia mwenye matokeo ya juu kwenda chini mpaka nafasi zijae, na udaktari ndiyo shahada inayogombewa kuliko karibu nyingine zote. Ukirudia Fizikia peke yake ukapata E, utakuwa na pointi 6 na utasimama mwishoni kabisa mwa foleni. Ndiyo maana maoni yangu ni kwamba urudie Fizikia na Kemia pamoja. Biolojia yako iache, labda tu chuo unachokitaka kikuambie vinginevyo. Kabla hujalipa ada ya mtihani, andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya kila chuo unachokifikiria, uulize jinsi wanavyohesabu matokeo ya mwombaji aliyefanya masomo katika mitihani ya miaka miwili tofauti, na jibu lao ulitunze. Barua hiyo haigharimu kitu, lakini inaweza kuokoa mwaka mzima.

Swali zito zaidi, ambalo hukuniuliza, ni kwa nini ulipata S. Huwezi kujibu kwa kusema kwamba Fizikia ni ngumu. Kaa chini na karatasi zote tatu, mbili za nadharia na moja ya vitendo, uandike kando ya kila swali kama uliliacha, ulilianza ukakwama, au ulilimaliza ukiwa na uhakika. Mwanafunzi aliyeacha maswali ya umeme na sumaku kwa sababu mada hiyo haikufundishwa shuleni kwake ana kazi tofauti na yule aliyejua kila mada lakini akaishiwa muda. Wa kwanza anahitaji mwalimu, wa pili anahitaji saa ya ukutani na mitihani mingi ya miaka iliyopita. Nimewaona vijana wakitumia mwaka mzima kusoma upya daftari lilelile kuanzia ukurasa wa kwanza, wakizidi kuyajua yale waliyoyajua tayari, na matokeo yakarudi vilevile. Usiingie katika mwaka huu kabla hujaweza kunitajia mada zilizokuangusha.

Nisisitize karatasi ya vitendo, kwa kuwa ndiyo inayowaponza watahiniwa wa kujitegemea kuliko wengine. Ulipokuwa shuleni maabara ilikuwa hatua chache kutoka bwenini. Sasa utakuwa nyumbani, na ni rahisi kujidanganya kwamba vitendo vinaweza kusomwa kitandani. Chukua mfano wa upimaji wa asidi na besi katika Kemia. Anayejua nadharia yake vizuri bado anaweza kupoteza alama kwa kufungua kwa pupa bomba la bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo, rangi ya kiashiria ikabadilika ghafla na kukolea mno, naye asijue kama kikomo kilikuwa tone moja nyuma au matone kumi. Mkono uliozoea hupunguza kasi mapema, huzungusha chupa kwa mkono mwingine, huosha kuta za chupa kwa maji yaliyotoneshwa, kisha huachia tone mojamoja mpaka rangi igeuke na kubaki. Husoma bureti jicho likiwa sawa na uso wa kimiminika, na vipimo vyake vya mara tatu hukaribiana sana. Hayo hayapatikani kwa kusoma. Tafuta shule ya jirani yenye maabara hai, umwone mkuu wa shule ukiwa na mzazi wako, mpatane ujiunge na vipindi vya vitendo vya kidato cha sita, hata kama ni Jumamosi tu. Wakuu wengi hukubali wakiombwa kwa adabu na mapema. Huwa vigumu kukubali mwezi wa nne, wakati kila benchi lina mtu.

Jambo hilo linahusu pia kituo cha mtihani. Mtahiniwa wa kujitegemea hufanyia mtihani katika kituo alichojisajili, na si kila kituo kina uwezo wa kusimamia vitendo vya sayansi, kwa hiyo usichague kwa kuangalia ukaribu peke yake. Nenda kituoni, uliza kama wanasajili watahiniwa wa Fizikia na Kemia, wakupe utaratibu na namba ya kumbukumbu ya malipo. Usajili huwa wazi kwa miezi michache tu baada ya matokeo ya Julai, na anayechelewa hulipa faini, kisha dirisha hufungwa. Mtihani wenyewe ni Mei. Kama umeitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaani ile miezi mitatu, mwachie mzazi nakala za vyeti vyako ili tarehe zisikupite ukiwa kambini. Kumbuka pia kwamba mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo zinazotumwa na shule. Gredi yako itatokana na mtihani peke yake. Na kwa kuwa mitaala imeanza kubadilika, hakikisha unasoma kwa fomati ya mwaka utakaofanya mtihani, si ile iliyobaki katika daftari zako.

Kuhusu mjomba wako, naomba umsikilize kwa heshima, kwa sababu anachokueleza ni njia halisi. Stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na mwenye kuimaliza kwa wastani wa ufaulu (GPA) wa 3.0 au zaidi, akiwa na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada ya udaktari. Ni njia ndefu: miaka mitatu hiyo, kisha mitano ya shahada na mmoja wa mafunzo kazini, jumla tisa, ilhali ukirudia mtihani na kufaulu ni saba. Lakini tabibu anayejiunga na shahada ameshagusa wagonjwa, ana taaluma inayomlisha hata asipochaguliwa, na hujifunza mapema kama kweli anaipenda kazi hii au alipenda koti jeupe. Ningekuwa mimi, ningerudia mtihani mara moja, na ningepanga leo, mbele ya familia, kwamba matokeo yasipofika kiwango nitaomba utabibu mwezi huohuo bila kuvuta mwaka mwingine. Kufanya yote mawili kwa wakati mmoja sikushauri. Masomo ya utabibu yana mazoezi ya hospitali, nayo Fizikia ya kidato cha sita haitasubiri jioni yenye nafasi.

Ushauri wa baba yako unatokana na upendo, lakini una hatari ambayo huenda hajaijua. Ukisajiliwa katika shahada usiyoitaka huku moyoni unapanga kuondoka, utakuwa na jina linalohesabika katika chuo kimoja wakati unaomba kingine, na italazimu ujiondoe rasmi kwanza. Kama ulipokea mkopo, fedha zilizokwisha kutolewa zinabaki kuwa deni lako. Mwonyeshe baba ratiba iliyoandikwa: siku za twisheni, siku za maabara, tarehe ya usajili, na saa utakazosaidia kazi za nyumbani au duka. Wazazi wengi hawaogopi mwaka wenyewe. Wanaogopa kumwona mtoto amelala mpaka saa nne asubuhi na simu mkononi.

Na aibu, mwanangu, naijua ilivyo nzito kwa binti wa miaka 20 aliyezoea kusifiwa. Nenda kanisani, nenda msikitini, nenda sokoni. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi moja kwamba unarudia masomo mawili mwezi wa tano.

SWALI: Nina Kemia C, Biolojia D na Fizikia D. Nilikidhi sifa za udaktari zilizoandikwa kwenye mwongozo wa udahili, nikaomba vyuo viwili vya serikali, na sikuchaguliwa katika dirisha lolote la maombi. Je, nirudie mtihani au niombe tena na matokeo haya haya?
Kijana wa Mbeya

JIBU: Fanya yote mawili, kwa kuwa hayapingani. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wanaomba moja kwa moja vyuoni, na hakuna anayekuzuia kuomba zaidi ya viwili. Shahada ya udaktari inafundishwa Muhimbili, lakini pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Ifakara, Mikocheni, Zanzibar na hapohapo Mbeya kwenu. Vyuo visivyo vya serikali huwa na ushindani tofauti na ada kubwa zaidi, hivyo zungumza na familia kuhusu fedha kabla ya kuomba, si baada ya kuchaguliwa. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, tena kabla ya siku ya mwisho. Wapo wanaoipoteza nafasi kwa sababu tu walibadilisha laini ya simu. Kwa upande wa mtihani, jisajili Biolojia. Kutoka D hadi B katika somo hilo kunakuongezea pointi 2, na mwenye 9 hasimami pale alipokuwa mwenye 7.

SWALI: Mwanangu hana prinsipali ya Kemia. Kuna wakala anayesema anaweza kumpeleka nje ya nchi asome udaktari mara moja bila kurudia mtihani, mradi tulipe malipo ya awali wiki hii. Nifanyeje?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, tafadhali usilipe wiki hii. Mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada nje ya nchi anatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, na Tume hutazama sifa zake na chuo anachokwenda. Chuo cha nje kinaweza kumpokea, akasoma miaka mitano au sita, lakini kutibu watu hapa nchini kunahitaji shahada yake itambuliwe na yeye asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Huko ndiko ukosefu wa prinsipali ya Kemia unaweza kumrudia, ninyi mkiwa mmeshauza shamba. Mwombe wakala jina kamili la chuo na barua ya udahili, uzipeleke mwenyewe kwa Tume uulize kama mtoto mwenye matokeo kama yake atapewa cheti hicho. Akikataa kukupa nyaraka hizo kabla ya malipo, jibu umeshalipata. Wakati unasubiri, msajili mwanao arudie Kemia, kwa sababu somo hilo atalihitaji popote atakapokwenda.