Meya wa Detroit aliyegawa viwanja vya viazi

SWALI: Katika toleo lililopita mligusia, kwa mstari mmoja tu, meya wa Detroit huko Marekani aliyewapa wasio na kazi viwanja walime viazi. Alikuwa nani, na ardhi aliitoa wapi? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, huyo ni Hazen Pingree, aliyezaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Maine na kuanza kazi ya kiwandani angali kijana. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alipigana upande wa Kaskazini, akatekwa mwaka 1864 na kufungwa Andersonville, kambi ambamo wafungwa wapatao 13,000 walikufa. Vita vilipokwisha alihamia Detroit, akashirikiana na mwenzake kununua karakana ya viatu, nayo ikakua hata akatajirika.

Wafanyabiashara wa chama cha Republican walimsimamisha agombee umeya mwaka 1889 wakimhesabu kuwa mwenzao. Alipokwisha kuingia ofisini alizibana kampuni za tramu zishushe nauli, na akapigania mji uwe na mtambo wake wa umeme wa kuwashia taa za barabarani.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, viwanda vilifungwa na maelfu ya watu, wengi wao wahamiaji kutoka Poland na Ujerumani, wakakosa riziki. Pembezoni mwa mji, hata hivyo, kulikuwa na viwanja vitupu ambavyo wenyewe walikuwa wakingojea bei ipande. Pingree aliwaomba wenye viwanja hivyo waviazime kwa msimu, na hapo ndipo ilipotoka ardhi unayoiulizia. Makanisa yalipoombwa mchango wa mbegu na majembe yalitoa kidogo mno, basi meya akamtoa farasi wake mwenyewe auzwe mnadani. Kwangu mimi, tendo hilo linamweleza kuliko hotuba zake zote.

Magazeti yalimdhihaki, lakini mwaka 1894 familia zipatazo 945 zililima ekari 430 hivi za viazi mviringo, maharage na mboga, zikapata akiba ya kuvukia majira ya baridi. Mpango huo haukurudisha ajira, wala haukukusudiwa hivyo. Ulipunguza njaa, na miji mingine, ikiwemo New York na Buffalo, ikauiga.

Pingree alikuja kuwa gavana wa Michigan tangu 1897, akafariki London mwaka 1901. Sanamu yake, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, ingali katika bustani ya Grand Circus, Detroit.