Kioo cha helmeti kinajaa ukungu nikipandisha Isyonje, nifanyeje?

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda, kijiwe chetu kipo Uyole, Mbeya. Abiria wangu wengi ni wa Isyonje, wengine hadi Tukuyu, na safari zenyewe ni za alfajiri. Tukianza tu kupandisha mlima, kioo cha helmeti kinajaa ukungu kwa ndani mpaka sioni hata mkono wa klachi. Nikikifungua, mvua inanichapa machoni kama kokoto. Nimepaka dawa ya meno, nimepaka kiazi, na kuna mwenzangu ananiambia nifute kwa petroli. Kila kitu kinasaidia kidogo, kesho yake yale yale. Siku hizi mvua ikizidi navua helmeti naitundika mkononi, maana bora nione. Jambo la pili: nikivuka dimbwi, breki ya nyuma inakufa kabisa kwa muda, halafu inarudi. Fundi wa hapa ameshabadilisha breki shuu mara mbili. Naomba msaada.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kuitundika mkononi, kwa sababu ndilo lililonitisha. Helmeti iliyo mkononi inalinda kiwiko. Mwaka 2008 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki, wakakadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na wewe unaivua saa ile ile ambayo lami imelowa na malori ya mpakani Kasumulu yako nyuma yako. Siku ikikushinda kabisa, simama. Abiria atanung'unika, mwache anung'unike.

Sasa tuje kwenye ukungu. Wa Isyonje ni wa Mungu. Huu wa kwenye kioo ni wako mwenyewe, umetoka mapafuni mwako. Pumzi ya mtu hutoka ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi, na imebeba unyevu karibu wote inaoweza kuubeba. Kioo nacho kinapigwa upepo na mvua kwa nje, kimepoa kama jiwe la mtoni. Pumzi ikikigusa, unyevu unageuka maji hapo hapo. Ni kama mfuniko wa sufuria ya wali: ufunue uone matone yanavyoning'inia, na hakuna aliyeyamwagia. Tofauti ni kwamba matone ya kwenye kioo ni madogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila moja linapindisha mwanga kivyake. Ndiyo maana taa ya lori huioni kama taa, unaona weupe umetanda mbele yako.

Kwa hiyo hapo kuna vitu vitatu: pumzi, hewa ya ndani ya helmeti, na plastiki ya kioo. Wewe na wenzako pale kijiweni mmehangaika na plastiki peke yake. Dawa ya meno, kiazi, petroli, vyote ni vya kupaka. Pumzi hamjaigusa.

Nadhani najua unavyovaa. Alfajiri ya Uyole, hasa Juni na Julai, hakuna anayetoka bila boshori, na juu yake skafu au kipande cha shuka kimezungushwa mdomoni mpaka puani. Sasa fikiria: umeziba mbele na umeziba chini, pumzi itapitia wapi? Inapanda kwenye ule mwanya wa pembeni mwa pua na kulenga kioo moja kwa moja. Fanya jaribio hili pikipiki ikiwa imesimama. Vaa kila kitu kama unavyovaa safarini, funga kioo, pumua kwa pua mara kumi, kisha angalia ukungu umeanzia wapi. Ukiona umeanzia juu ya pua ukatanuka kulia na kushoto kama mbawa za kipepeo, mkosaji ni hicho kitambaa.

Dawa yake huinunui. Tafuta barakoa kuukuu, zile zilizobaki majumbani tangu wakati wa korona. Ukingo wake wa juu una kiwaya chembamba kinachopindika. Kichomoe, kishone kwenye ukingo wa juu wa skafu yako, katikati kabisa, kisha ukikunje kikumbatie mgongo wa pua. Upande wa chini wa skafu uache ukining'inia, usiuchomeke kwenye kola ya jaketi. Pumzi itakosa njia ya juu, itashuka kifuani. Vijana niliowafundisha wakafanya hivi wengi hawakurudi tena na malalamiko ya ukungu, na hawakutumia hata shilingi mia. Kama helmeti yako ni ya kufunika uso wote, tazama pia ndani kama kile kikinga pumzi cha mpira kinachokaa juu ya pua bado kipo. Watu hukivua kwa sababu kinawasugua, kisha wanakisahau nyumbani.

Cha pili ni hewa. Helmeti nzuri ina tundu kidevuni na vijitundu juu ya paji la uso, na kazi yake si urembo: hewa kavu ya nje iingie, ipande nyuma ya kioo, iisukume ile yenye unyevu itoke kisogoni. Mwaka juzi nilipewa helmeti niikague, mwenyewe akilalamika kama wewe. Nikakuta tundu la kidevuni amebandika stika ya timu yake ya mpira. Nikamuuliza kwa nini. "Baridi inaingia, mwalimu." Stika ikabanduka, na ukungu ukapungua siku ile ile. Baridi ya kidevuni utaizoea.

Ukiwa na mwendo, kiinue kioo kibonyo kimoja tu, upana wa kidole kidogo. Mwanya huo unapitisha hewa ya kutosha, na mvua nyingi inapita juu yake bila kuingia. Najua utaniambia kioo chako hakikai, kinajifunga au kinafunguka chote. Helmeti nyingi za bei ya chini vibonyo vyake husagika mapema. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kidogo kama ukucha wa dole gumba, ukunje mara mbili, ukibandike kwa gundi kwenye kona ya chini ya helmeti pale kioo kinapokalia. Kioo kikishuka kitakomea kwenye huo mpira. Na ukisimama, iwe kwenye foleni ya Uyole au unapokea nauli, fungua kioo chote. Ukungu mwingi huanza mtu akiwa amesimama, kwa sababu hakuna upepo wa kuuondoa. Ondoka kwanza, funga baadaye.

Ndipo sasa tunafika kwenye plastiki. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja. Kioo kioshwe kwanza kwa maji mengi ili vumbi litoke, kikaushwe, kisha tone hilo ulipake upande wa ndani kwa pamba au kitambaa laini cha fulana kuukuu. Usisuuze. Liache likauke liwe kama utando mweupe, halafu ung'arishe taratibu mpaka uone vizuri. Sabuni haizuii maji kuja. Inayafanya yatandazike kama karatasi nyembamba badala ya kusimama matone matone, na kupitia karatasi ile unaona. Itakufaa siku moja, pengine mbili, kwa hiyo iwe kama kupiga mswaki: kila asubuhi. Usitumie sabuni ya unga, ina chembe zinazokwaruza. Kiazi kinafanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila kinaacha wanga, na vumbi likikutana na wanga unapata uji.

Dawa ya meno achana nayo. Imetengenezwa kusugua, na kioo cha helmeti ni plastiki laini kuliko jino. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuipaka mwenyewe, enzi ambazo hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Mchana sikuona tatizo. Usiku, nikishuka kuelekea Kiwira, lori likaja na taa kubwa, na ile mikwaruzo midogo yote ikawaka kwa pamoja, kioo kizima kikawa kama utando wa buibui unaong'aa. Nyuma ya huo mng'ao kulikuwa na lori jingine limeharibika, limesimama upande wangu, limepakia ndizi, na alama yake ni matawi mabichi tu yaliyotupwa barabarani. Matawi niliyajua nilipoyakanyaga. Nikalala na pikipiki upande mmoja, nikatokea mtaroni na goti limechunika. Kesho yake nilinunua kioo kipya. Petroli ni mbaya zaidi: plastiki hii, polikaboneti, ikiguswa na petroli, thina au spiriti inaweza kupata nyufa nyembamba usizoziona, na siku ikipigwa jiwe inapasuka vipande. Mwenzako huyo mwambie petroli akaitie kwenye tenki.

Ukiwa na pesa kidogo zaidi, kuna kioo cha pili cha ndani kinachoitwa Pinlock. Kinashikwa na vipini viwili kwenye kioo kikubwa na kuzungukwa na ukingo wa silikoni, hivyo kati ya vioo viwili panabaki hewa iliyofungiwa, na kile cha ndani hakipoi kama cha nje. Kabla hujaagiza, hakikisha kioo chako kina sehemu za hivyo vipini, maana hakikai kwenye helmeti yoyote tu.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni helmeti yenyewe kulala imelowa. Unaiweka juu ya siti ikitazama juu, mvua inaijaza kama bakuli. Sponji ikinywa maji, asubuhi kichwa chako kinaipasha moto na unyevu wote unapanda kwenye kioo hata kabla hujapumua. Usiku ichomoe sponji kama inachomoka, itundike penye upepo. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa, joto linaharibu ganda la ndani lile jeupe, na hilo ndilo linalomeza kishindo ukianguka.

Ukishafanya yote haya, bado kuna siku ukungu wa Mungu utashuka mpaka usione nguzo ya umeme iliyo mbele. Pitisha kidole ndani ya kioo: kikitoka kikavu, ukungu uko nje, na hapo sabuni haina kazi. Washa taa inayomulika chini, ile kubwa inagonga ukungu na kukurudia machoni. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu taratibu, na kama umeifikia kabla ya nne, uko karibu mno. Ukiamua kusimama, toka barabarani kabisa, uingie hata uwanja wa duka la mtu. Usisimame ukingoni na taa ya nyuma inawaka, dereva aliyepotewa na barabara huifuata taa akidhani ni ya gari linalotembea. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iogope kuliko ya katikati ya masika, kwa sababu mafuta na vumbi vya miezi yote vinaelea juu ya lami kabla hayajasombwa.

Tumalizie na breki. Breki ya nyuma ya pikipiki yako ni ya drami, ile ngoma ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, na maji yakiingia kati ya shuu na drami, shuu zinateleza. Kwa hiyo kufa kwa muda mfupi baada ya dimbwi ni kawaida. Ukishavuka, ikanyage kidogo kidogo huku ukiendelea na mwendo wa pole, kwa mita mia hivi, msuguano utaikausha. Muda wote huo breki ya mbele uiminye taratibu, usiikamate kwa ghafla.

Lakini ikifa kabisa kila mara, hata kwenye kidimbwi cha kina cha kidole, tatizo si shuu, na ndiyo maana kuzibadilisha mara mbili hakukusaidia. Mwambie fundi afungue gurudumu mbele yako, na kabla hajagusa shuu apitishe kidole ndani ya drami. Kidole kikitoka na grisi, sili ya beringi, ule mpira unaozuia grisi, imekwisha na grisi inavujia kwenye shuu. Ibadilishwe sili kwanza. Kikikwama kwenye ukingo uliosimama kama mdomo wa kikombe, drami imelika. Drami nyingi zimechorwa kipimo cha mwisho kwa milimita hapo hapo ndani, apime kwa kaliba. Ikiwa imepita kipimo hicho, badilisha hilo drami, na shuu zako za sasa, kama hazijalowa grisi, zirudishe.