Viroboto maji wangu wamepungua, nimwage?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafuga kambale hapa Nkuhungu, na nje nina beseni la viroboto maji (daphnia, vijidudu vya majini) wa kulisha vifaranga vya samaki. Tangu Juni wamekuwa wachache mno, ingawa hamira nawapa ileile. Baadhi wana doa jeusi mgongoni. Ni ugonjwa? Nimwage nianze upya?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Tafadhali usimwage! Hawaumwi, wamepigwa na baridi, na hilo doa ni mali.

Kiroboto maji hana joto lake mwenyewe, anategemea la maji. Kwenye nyuzi 20 hivi, jike hubeba mayai siku kama tatu, anatoa watoto, anabeba mengine, tena bila dume. Maji yakishuka hadi nyuzi 10, mayai hayo huchukua zaidi ya wiki. Na usiku wa Julai hapa Dodoma unaujua. Mtie jike mmoja kwenye glasi, mmulike kwa tochi, utazame kwa lenzi: mwili wake unapitisha mwanga, na mayai yakikaribia kuanguliwa unaona kijicho cheusi cha kila mtoto.

Baridi, msongamano na njaa vikikutana, majike huanza kuzaa madume pia. Wakishapandana, jike hufungia mayai ya akiba, mara nyingi mawili, ndani ya ganda gumu jeusi linalomkaa mgongoni kama tandiko la punda. Akijivua gamba, analiacha majini. Ganda hilo huvumilia ukavu kwa miaka. Ndivyo jamii hii inavyovuka kiangazi kwenye malambo yanayokauka, mpaka mvua za Desemba.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni hiyo hamira ileile. Kwenye baridi wanakula polepole, na inayobaki inaoza na kumaliza oksijeni. Subiri maji yaanze kung'aa ndipo uongeze. Wahamishie kwenye pipa, maana maji mengi hayapoi upesi, uliweke barazani. Usiwamiminie maji ya moto. Nyuzi 20 hadi 25 zinawatosha. Oktoba itakuwa kinyume: maji yakipita nyuzi 30 watakufa wengi, basi uwe na kivuli tayari.

Maganda meusi yaliyonasa kingoni yakusanye kwa chujio la chai, uyaanike kivulini na kuyafunga kwenye karatasi. Ukiyahitaji, loweka kwenye maji yasiyo na klorini, penye mwanga. Hayataanguliwa yote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo usiyatupe mapema.