Ukitaka Kusomea Viumbe wa Kilindini, Anza na Tope

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa pili, ameniandikia akiuliza afanye nini ili siku moja apande nyambizi akawaone viumbe wa kilindini, yaani wa kina kirefu cha bahari, kwa macho yake. Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu hiyo hiyo. Jibu langu ni kwamba mjifunze kwanza kuchambua tope.

Nilipokwenda Ulaya kwa shahada ya pili nilipewa meza, hadubini na chupa za mashapo yaliyochotwa kwenye sakafu ya Atlantiki, zaidi ya meta 2,000 chini ya maji. Tope lile huoshwa juu ya chekecheo lenye matundu madogo mno, na kinachobaki huhifadhiwa, kisha mtu hukaa akitenganisha mnyama na punje ya mchanga, mmoja baada ya mwingine. Wengi ni minyoo wenye pingili, wafupi kuliko punje ya mchele. Nilihesabu pingili zao na kutazama ncha za nywele zao, kwa kuwa spishi mbili huweza kutofautiana hapo tu.

Mhadhiri mmoja wa nyumbani alipopata habari ya kazi hiyo alisema mbele ya wenzangu kwamba mnyoo halishi mtu. Maneno yale yananiuma hadi leo, ingawa mwaka huu mnyoo mmoja niliyemtenga kwa mkono wangu amepewa jina la kisayansi na mimi ni miongoni mwa waandishi wa maelezo yake.

Katika miaka ya 1840 mwanasayansi wa viumbe wa bahari Edward Forbes alidhani kwamba uhai hukoma kwenye kina cha takribani meta 550. Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, iliyosafiri kati ya 1872 na 1876, ilipandisha wanyama kutoka mbali zaidi ya hapo, lakini watu wakaendelea kuamini kwamba aina zao ni chache, mpaka miaka ya 1960 watafiti Howard Sanders na Robert Hessler walipokokota chombo chenye wavu wa matundu madogo na kupata umati wa spishi. Mwaka 1992 Frederick Grassle na Nancy Maciolek walitoa matokeo ya sampuli 233 za tope la kilindini kutoka pwani ya mashariki ya Marekani, ambazo eneo lake lote ni kama meta za mraba 21, ukubwa wa sebule ya kawaida. Humo mlikuwa na spishi 798, na zaidi ya nusu yake zilikuwa ngeni kwa sayansi.

Sanders alieleza wingi huo kwa utulivu wa muda mrefu wa kilindi. Wengine wanasisitiza kwamba chakula huanguka kutoka juu kwa mafungu yasiyo sawa, na kila fungu huwapa nafasi wanyama tofauti. Mimi naelemea upande huu wa pili, kwa sababu nimeona sampuli mbili za jirani zikiwa na minyoo wasiofanana kabisa.

Chemchemi za moto za sakafu ya bahari, zilizogunduliwa mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, pamoja na minyoo wake wakubwa wasio na kinywa wala utumbo, ndizo zinazovuta macho ya watu. Ni ajabu ya kweli, ila spishi zake ni chache ukilinganisha na tope tambarare, na ndiyo maana nasisitiza tope.

Kati ya Hawaii na Meksiko kuna eneo la Clarion-Clipperton, ambako kampuni zinataka kukusanya kutoka sakafu ya bahari mabonge yenye manganizi, nikeli na kobalti. Utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba takribani asilimia 90 ya spishi za wanyama wake hazijapewa jina. Kiumbe asiye na jina ni vigumu kutetewa na sheria, na anaweza kutoweka bila mtu kujua. Kwa hiyo anayejifunza kutambua minyoo asikubali kuambiwa kwamba anapoteza muda.

Ombeni nafasi kwenye maabara yoyote yenye mashapo, hata kama kazi yenyewe ni kuosha chupa. Jifunzeni kuchora mnachokiona kwenye hadubini, kwa sababu kuchora hulazimisha jicho kutazama. Asiye na maabara achote mchanga wa ufukweni maji yakipwa, auchekeche, na azoee kutofautisha familia za minyoo kwa kichwa na nywele.